Matanga ya Abdias Aliye Hai

Kalunguta, tarehe 14 Mei 2001

Mpendwa kaka Eliezer,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Huko Kampala mko salama? Wifi Victoire amepona malaria? Sisi tunaendelea vizuri, Mungu anatusaidia.

Kama madereva wamekufikishia habari kwamba mdogo wetu Abdias amekufa, futa machozi. Ni mzima, tena anakula kuliko sisi sote. Matanga yalifanyika kweli, lakini Mama ndiye aliyeyaanzisha.

Ilikuwa hivi. Sikuli, yule mnunuzi wa kahawa, alikusanya vijana akawaambia kwamba watu wa ng'ambo ya mto watatushambulia, afadhali tuwatangulie. Alipoulizwa ni nani aliyewaona wakijiandaa, alikasirika. Abdias naye akapokea bunduki.

Kaka, ng'ambo kuna mashamba ya kahawa ambayo Sikuli alitaka kuyanunua, wenyewe wakakataa. Na wanawe wote wako huko kwenu, wanasoma. Hofu gani hiyo inayotuma watoto wa wengine tu?

Mama hakubishana naye. Alizima moto jikoni, akaketi chini uani, akaanza kumlia Abdias kwa jina kana kwamba amekwisha kufa. Abdias aliona haya: "Maman, mais miye niko hapa!"

Mama akamjibu, "Munaenda kupiga batu mbele bafanye kitu. Donc na miye nalia mutoto yangu mbele akufe."

Unajua kwetu mtu hapiti penye msiba bila kuketi. Akina mama walifika na kuni, wakaketi, nao wakaanza kuwalia wana wao. Hakuna aliyebaki wa kuwapikia wapiganaji. Ninampenda mama yetu, lakini siku ile nilimwogopa pia, kwa heshima. Sikuli bado anazunguka na maneno yake, na Mama bado ameketi chini uani, analia matanga.

Habari ya msiba ilivuka mto. Wale wale tuliotaka kuwaua wakaja na maharagwe kutupa pole. Abdias ndiye aliyewapokea mizigo. Bibi mmoja wao alimshika mkono, akamuuliza kwa upole marehemu alikuwa nani. Jioni Abdias alirudisha bunduki.

Mama, shangazi Syauswa na Nadège wanawasalimu sana. Mungu awafunike kwa mkono wake, ninyi na watoto.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Tamar