Tundu Nililoandika Kwamba Nimeliziba

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla hujanihukumu, maana mimi ni mtu mzima, nimeishi ugenini miaka thelathini na moja, na kazi yangu ni kutunza seva za maabara ya hospitali, ambako kila programu tunaifungia ndani ya kontena lake, kama wapangaji wa nyumba moja, na chini yao iko programu inayowafungulia na kuwafungia, tunaiita msimamizi. Ikatoka taarifa kwamba msimamizi ana tundu, na mpangaji mwenye hila anaweza kutoka chumbani mwake akashika funguo za nyumba nzima, basi nikatia kiraka kwenye seva ya majaribio, kikakubali, nikasema ile kubwa inayoendesha maabara nitaizima Jumapili niitie nayo, kwa sababu maabara haikutaka kusimama hata dakika kumi, lakini kwenye orodha ya kazi nikaandika "Imefanyika" kwa zote mbili, ili mkuu asinisumbue, na Jumapili ikapita, nikasahau.

Baada ya wiki sita majibu ya wagonjwa yakaibwa. Mwizi aliingilia programu ya foleni ya wagonjwa, aliyoiweka mwenzangu tunayemwita Mama Pacha. Ile seva kubwa niliifuta na kuijenga upya siku ileile kwa amri ya mkuu, kwa hiyo wachunguzi walisoma orodha, wakaona tundu lilizibwa, wakasema kosa ni la Mama Pacha. Amesimamishwa kazi. Alikuja mezani kwangu kuchukua kikombe chake, akaniuliza, "Mzee, kiraka ulitia, sivyo?"

"Nilitia," nikasema.

"Basi ni mimi. Nilijua tu, mkono wako haukosei."

Ijumaa kikao kinaamua kumfukuza. Kibali changu cha kuishi hapa kinategemea kazi hii, na kwetu hakuna anayenijua tena. Nifanyeje?

Mtunza Seva

*

Shikamoo, mzee wangu. Nimeshakuamkia, sasa niruhusu nikuseme.

Kusahau ningekusamehe. Lakini mama wa watu amesimama mbele yako anajilaumu, nawe ukamwongezea mzigo. Umri wote huo na ujuzi wote huo, ukashindwa na neno moja?

Tena kuna jambo umelikwepa. Kama msimamizi ndiye aliyetobolewa, mwizi alishika funguo zote, na bila shaka hospitali inabadilisha za foleni peke yake. Wagonjwa wangali uchi, na ni wewe tu unayejua.

Leo muone mwanasheria wa wahamiaji kuhusu kibali. Kesho asubuhi mpe mkuu barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya taarifa, seva uliyoiziba, seva uliyoiacha, ulichoandika. Mwambie wabadilishe funguo zote, yaani nywila za kila programu. Nakala ya akiba ya seva hiyo ya kabla ya wizi, kama ipo, itathibitisha. Huenda kazi ikakutoka, sikufichi. Ugenini umepitia mengi, nami nakuonea huruma, ila Mama Pacha siye aliyekuhamisha kwenu.

Naye asiyasikie haya kwanza kikaoni. Nenda kwake jioni hii. Akikukaribisha, keti umweleze. Asipokukaribisha, mweleze ukiwa umesimama.