Neno Nililoliongeza kwenye Barua ya Baba

Alhamisi, 1 Mei

Chai ya Alhamisi. Wanafunzi saba! Baba alitegemea watatu. Viti vikaisha, Kaka Daraja akageuza ndoo ya kufulia akaikalia, akasema usalama wake ameukagua kitaalamu. Anasomea ujenzi wa madaraja. Wanafunzi wote tunawaita kwa masomo yao, hata sisi kwa sisi, ili jina la mtu lisije likaponyoka kwenye simu. Nimezoea mpaka humu naandika hivyo hivyo.

Saa ya kwanza ni mazoezi ya Kiswahili. Ndiyo kazi iliyo kwenye kibali cha Baba: mwalimu wa Kiswahili chuoni. Baada ya hapo anayetaka kwenda huenda, na kwa anayebaki Baba hufungua Injili. Leo walibaki wawili. Miaka mitatu tuko nchi hii – wawili!

Mmoja ni Dada Dawa, wa ufamasia, mwaka wa nne. Aliuliza maswali kumi na moja. Mwishoni Baba akamwuliza kama angependa tumwombee mitihani yake. "Ombeni, mwalimu. Mimi nitasikiliza." Akasikiliza macho wazi, mikono imezunguka kikombe, Injili wazi mbele yake.

Nilimpiga picha. Mikono tu.

Jumapili, 4 Mei

Mzee wa kanisa amepiga simu kutoka nyumbani. Ana sauti ya kuita ng'ombe, tulimsikia wote. Kwamba barua za Baba ni kavu kama mkate wa juzi, kwamba waumini wanataka kuona mavuno, sasa huko unavuna nini, mchungaji, upepo? Baba akacheka naye. Simu ilipokatika, kicheko nacho kikakatika.

Mama akamwambia, "Usilitie moyoni, mume wangu."

"Labda ana haki. Mkulima wa miaka mitatu, hata suke moja la kuonyesha hana."

Sijawahi kumwona Baba hivi. Alikaa ameshika soksi moja, nyingine ameisahau.

Barua ya maombi ya kila mwezi huiandika yeye kwa mkono, nami naichapa, kwa sababu kwenye kompyuta anatafuta herufi kama anayechambua mchele. Aliandika: "Binti mmoja wa mwaka wa nne, wa ufamasia, anasoma Injili pamoja nasi." Mimi nikachapa mpaka hapo. Kisha nikaongeza: "na ameamini."

Ni suala la wiki mbili tatu tu. Nimeandika kwa imani! Nikaweka na ile picha. Sheria ya Baba ni kwamba jina lisiandikwe na sura isionekane. Sura haionekani.

Akaniuliza kama nimeikagua. Nikasema ndiyo.

"Basi itume, mama. Nakuamini kuliko miwani yangu."

Alhamisi, 8 Mei

Mzee wa kanisa tena, safari hii kwa furaha. Barua imesomwa ibadani, watu wamesimama wakapiga makofi. Baba akauliza, wamepigia makofi kitu gani? Mtandao ukakata. Asante Mungu – halafu nikaona aibu kumshukuru Mungu kwa hilo.

Dada Dawa alikuja, akanisaidia kupanga vikombe. Nikamwuliza, kwa mzunguko, moyo wake umefikia wapi.

"Mdogo wangu, bado napima. Sisi hatutoi dawa kabla ya vipimo."

Nikacheka. Nilichelewa kidogo kucheka.

Jumatatu, 12 Mei

Kaka Daraja amekuja asubuhi, nikiwa navaa sare. Hakutania. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kanisa la nyumbani limeiweka barua kwenye ukurasa wake mtandaoni, pamoja na picha na habari ya yale makofi. Kaka yake Dada Dawa anasoma chuo hicho hicho, na kwa muda alikuwa akiuliza dada yake hushinda wapi Alhamisi. Akalitafuta jina la Baba. Akaipata barua, mashine ikamtafsiria. Akampelekea mama yao picha.

Mkono wa kushoto wa Dada Dawa una kovu la moto, kutoka kidole gumba hadi kwenye kifundo. Aliungua akiwa na miaka minne, na mama yake ndiye aliyekiuguza kile kidonda. Picha nimeitazama mara ngapi! Nilikuwa nahangaika sura isiingie. Kovu sikuliona.

Jumamosi wazazi wake walikwenda kumtoa bwenini. Simu wamemnyang'anya. Mitihani ya mwisho inaanza Jumatatu tarehe 26, na asiyetokea hurudia mwaka – kama kwao watamruhusu hata huo wa kurudia. Amewaapia hajabadili dini. Baba yake anamshikia karatasi: mwalimu wako kaandika umeamini, basi mwongo ni yeye au ni wewe? Chagua.

Baba akasema, "Lakini mimi sikuandika kwamba ameamini."

"Imeandikwa, mwalimu."

"Mashine hizo hutafsiri ovyo." Akanigeukia, anataka mtu wa kumwunga mkono. "Si ndiyo, mama?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba. Mashine hizo."

Jumatano, 14 Mei

Jaribio la hesabu nimerudisha karatasi nyeupe, mwalimu akaigeuza nyuma na mbele akidhani ameshika upande usio wake.

Kwenye sala ya jioni Baba alimwombea Dada Dawa, kisha akamwombea na "yeyote aliyemponza bila kujua". Nami nimeomba kwangu, kwamba mtandao wa dunia nzima uharibike. Sala ya kijinga. Nikaomba nyingine, kwamba aamini kweli, leo, huko huko alikofungiwa, ili neno langu liwe kweli. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikainuka bila kumaliza.

Alhamisi, 15 Mei

Mama alijaza birika. Baba alipanga viti vyote, na ile ndoo.

Hakuja mtu. Kaka Daraja alipiga simu tu, akasema wenzake wanaogopa, kila mmoja anajikagua mikono.

Tulikaa watatu mpaka chai ikapoa. Baba akaosha vikombe vyote, visafi vilevile.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda mpaka mezani kwake. Alikuwa anaandika barua kwa mkuu wa idara. Wamemwita ajieleze, na kibali kinaweza kufutwa.

"Baba."

"Naam, mama."

"Hakuna."

Aliweka kalamu chini, akaningoja. Nikasema nilitaka kujua kama anahitaji wino.

Mama alinifuata chumbani, akakunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa. "Una kitu," akasema. "Mimi nilikubeba tumboni, sikukubeba mfukoni." Nikasema ni mitihani. Akasema haya. Ile "haya" yake ambayo maana yake si haya.

Dada Dawa hajamdanganya mtu. Kila usiku nyumbani kwao anaambiwa mwongo kwa ajili ya neno langu.

Jumanne, 20 Mei

Naandika jikoni, juu ya kifuniko cha jokofu. Amekuja. Baba yake Dada Dawa. Yuko sebuleni sasa hivi.

Nilimtarajia mtu wa kufoka. Siye. Ni fundi saa, mwembamba, alivua koti akalikunja kwa ndani kabla ya kukaa. Mke wake amebaki kumlinda binti. Kiswahili hajui, na Baba lugha ya huku anaijua ya sokoni tu, nyanya na bei zake. Kwa hiyo niliitwa mimi, ninayeisoma shuleni. Baba akaninong'oneza, "Usiongeze, usipunguze."

Fundi saa akatoa karatasi. Si tafsiri – barua yenyewe, ya Kiswahili, na picha yake. Akailaza mezani, akaeleza polepole ili nisipotee. Kwamba binti yake hajawahi kumdanganya tangu azaliwe. Kwamba wakimwuliza anasema hajaamini, anasoma na kuuliza tu, na yeye kama baba angeweza kuvumilia kusoma na kuuliza, mtu mwenye akili huuliza. Lakini karatasi ya mwalimu inasema vingine. "Jumatatu ni mtihani. Nikimrudisha chuoni, nimerudisha mwongo aliyenichezea. Nikimzuia, nimeizika miaka yake minne kwa mikono yangu. Mwalimu, niambie ukweli, niende nyumbani."

Nikatafsiri. Sikuongeza, sikupunguza.

Baba akavaa miwani, akaisoma barua yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona ilivyochapwa. Niliona kidole kikifuata mstari, kikafika, kikasimama pale.

Hakunitazama kwa hasira. Afadhali angenitazama hivyo. Alinitazama kama mtu anayesoma neno gumu. Kisha akasema, "Mwambie nimeandika mimi. Mwambie nilikosea, binti yake hajaamini, namwomba radhi."

"Baba –"

"Mwambie."

Nikamwambia. Kwa lugha ya watu, bila kosa hata moja.

Fundi saa akatikisa kichwa. Akasema mwalimu wa lugha, mtu mzima, haongezi neno kama hilo kwa bahati mbaya. "Ama uliwadanganya watu wako wakakupigia makofi, ama unanidanganya mimi ili umwokoe. Na kama unanidanganya, basi yeye anadanganya." Akauliza neno hilo liliandikwaje, lini, kwa sababu gani. Hilo sikumtafsiria Baba. Hajui! Atajuaje? Hakuwepo.

Wote wawili wakanitazama, mmoja akingoja swali, mwingine akingoja jibu. Nikasema nakwenda kuangalia chai.

Hakuna chai jikoni. Hata jiko sijaliwasha.

Mama ameingia, akaufunga mlango, akausimamia. Alikuwa anasikiliza ukumbini. Anasema nibaki hapa, atatoka yeye aseme nimeugua ghafla, Baba atajua la kusema, mtoto hatupwi mbele ya watu. Anasema kibali. Anasema wakijua kwamba barua zetu huandikwa na mtoto, kanisani tutaitwa nini? Anasema mengi, na machozi yanamtoka, na hayafuti.

Kuliko yote naogopa lile jibu la "kwa sababu gani". Maana itanibidi niseme mbele ya Baba kwamba nilimwonea huruma. Kwamba nilisikia akiitwa mvuna upepo, nikataka asimamiwe na kupigiwa makofi, na kwa ajili hiyo nikamtoa kafara binti wa mtu.

Sebuleni Baba anajaribu peke yake kwa lugha ya sokoni. Anasema "binti", anasema "mzuri", anasema "samahani".

Kiti kimesogezwa. Mgeni anavaa koti, nasikia kitambaa.

Ninayo sentensi ya kwanza, nimeipanga kwa lugha yake, ni fupi. Nafunga daftari. Mama bado yuko mlangoni. Nitamshika mikono yote miwili na nitamwambia, Mama, nipishe.