Ilungu la mama mkwe limekubaliwa

Jumapili, mwezi wa saba. Upepo tangu asubuhi.

Nimeshinda na sweta mbili na kitenge mabegani, na bado vidole havina hisia. Ofisini wananiambia baridi ya Sumbawanga nitaizoea. Mimi nimetoka Mbeya, baridi naijua. Hii ganzi nyingine ndiyo siijui.

Hapana, naijua. Mwezi wa pili mimba yangu ilitoka, ikiwa na miezi sita. Tangu siku hiyo sijalia. Watu walikuja, wakakaa, wakasema Mungu atawapa mwingine, wakaondoka. Mume wangu Gervas alikaa na mimi kwa muda, kisha akarudi Kirando kwenye biashara yake ya dagaa. Simlaumu. Tukipigiana simu tunaongea habari za dagaa, za barabara, za umeme kama upo.

Kilichokuwa kinanitoa nje ni mchezo wa kwenye simu.

Kwa asiyeujua: unaona ramani ya mahali ulipo, na kikatuni chako kinatembea pale unapotembea wewe. Kwenye ramani kuna vituo, yaani sanamu, kanisa, mnara, kitu chochote cha maana, na ni lazima ufike hapo kwa miguu yako ndipo uokote zawadi. Huko miji mikubwa wanavyo kila kona. Milanzi, mtaa ninaokaa hapa Sumbawanga, hapakuwa na hata kimoja. Ila ukifika ngazi fulani unaruhusiwa kupendekeza kituo kipya. Unapiga picha, unaandika maelezo, halafu wachezaji wengine, huko waliko duniani, wanapiga kura.

Nilipendekeza uwanja wa mpira wa mtaani. Wakakataa. Nikapendekeza kikanisa cha kigango chetu. Wakakataa, eti picha ina giza. Nilikuwa nasoma majibu hayo nikiwa kitandani, naweka simu kifuani, naendelea kutazama dari. Haikuniuma.

Hakuna kilichokuwa kinaniuma.

Halafu nikakumbuka ilungu. Mama mkwe anaishi kijijini, si mbali sana na mjini kwa bodaboda. Ni mjane, analima mahindi na ulezi. Nyuma ya shamba lake la ulezi kuna tanuru la udongo ambalo Wafipa wa zamani waliyeyushia chuma. Kwa Kifipa wanaliita ilungu. Ni refu kuliko mtu, juu limemeguka, na nyasi zilikuwa zimelifunika karibu lote. Nilikwenda Jumapili moja nikamwambia nataka kulipiga picha.

"Subiri," akasema, akaingia ndani. Akatoka amebadili kitenge na kufunga kilemba kipya, akaenda kusimama pembeni ya ilungu kama bibi harusi. Sikuwa na moyo wa kumwondoa.

Wakakataa. Picha isiwe na sura ya mtu.

Nikaenda tena, nikapiga bila yeye. Safari hii jibu lilisema kwamba hicho ni kichuguu, na vitu vya asili havikubaliwi. Nilipomsomea, mama alininyang'anya simu, akaigeuza huku na huku kama anayemtafuta mtu aliyesema hivyo.

"Kichuguu? Waambie mchwa hawajengi milango."

Milango anayoisema ni yale matundu ya chini, palipokuwa pakiingizwa hewa ya kuchochea moto. Hayakuonekana kwa sababu ya nyasi. Basi Jumamosi iliyofuata tukaenda kufyeka, yeye na jembe, mimi na fyekeo. Hatukuongea sana. Yeye aliimba nyimbo za kanisani kwa Kifipa, mimi Kifipa sikijui. Kuna wakati aliacha kuimba, akanitazama muda mrefu, nikajua sasa litakuja lile neno la Mungu atawapa mwingine. Nikajiandaa kuitikia.

"Fyekeo unalishika juu mno, mwanangu. Utajikata mguu."

Tukaendelea. Matundu yalipotokeza nililipiga kila moja picha, mama akiwa amesimama nyuma yangu asiingie hata kivuli.

Jumatano iliyopita nikiwa ofisini, jibu likaja. Limekubaliwa.

Nilisoma mara mbili, nikaweka simu chini, nikaendelea kugonga mihuri. Hilo ndilo lililonitisha. Kitu nilichokihangaikia miezi yote hiyo kimekuja, na nimekipokea kama ujumbe uliokosea namba. Nilimpigia mama mkwe, akapiga vigelegele hadi wenzangu wakageuka. Mimi nikasema, "Ndiyo mama, wamekubali," nikakata.

Nilitaka kufurahi. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema hilo: nilitaka sana.

Leo nilipotoka Misa simu ikaita. Mama mkwe.

"Mwanangu, kuna mgeni huku shambani. Anasema ameletwa na simu."

Sikuelewa. Akampa mgeni simu. Dada mmoja, sauti ya kicheko, anauza mitumba sokoni. Kaona kituo kipya kwenye ramani, kapanda bodaboda. "Mimi nilidhani mji huu wote nacheza peke yangu," akasema. Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo. Akamrudishia mama simu, na mama, ambaye hajui kukata simu, akaifunga kwenye pindo la kitenge na kuendelea na mgeni wake.

Ningeweza kukata mimi. Sikukata.

Nilisikia kigoda kikiburutwa, togwa ikimiminwa. Nilisikia mgeni akiuliza ni nani hasa aliyeliweka ilungu kwenye ramani.

"Mkwe wangu," mama akasema. "Mwaka huu alifiwa na mtoto. Mjukuu wangu. Ndiyo akawa anakuja huku, tukalisafisha pamoja."

Mgeni akaweka togwa chini. Kisha akasema, "Pole sana, mama."

"Asante. Na yeye ukimwona mpe pole. Sisi hatukumpa vizuri."

Wakahamia kwenye habari za mitumba, kama kuna sweta nzito za wazee. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ukuta wa kanisa, simu sikioni, watu wananipita na kunisalimia.

Kufiwa. Mtoto. Mjukuu. Sote, na mimi mwenyewe nikiwemo, tumekuwa tukisema mimba, imetoka, imeharibika, kama vile tunaongelea mahindi. Miezi yote hii hakuna aliyesema kwamba kuna mtu alikufa. Mama mkwe kamwambia muuza mitumba asiyemjua.

Nisidanganye, sikulia. Lakini koo liliniuma, na likaendelea kuuma njia nzima mpaka nyumbani. Linauma hata sasa ninapoandika. Sijui kama ni mwanzo wa kitu au ni upepo tu.

Gervas anafika keshokutwa kutoka Kirando. Nitamwacha aoge, ale, apumzike. Kabla hajaanza habari za dagaa nitamwambia kwamba mama yake amesema "mjukuu wangu." Baada ya sentensi hiyo sina nyingine niliyoiandaa.

Labda yeye anayo.