Mtu Asiyebishana Nami Kuhusu Kisiki na Mnara

Machimboni, mbele ya Katoro

Mama Kabula,

Kabla ya salamu: huyo kijana aliyekuletea barua hii usimwache aondoke mpaka uimalize. Na uisome mwenyewe, usimpe Kabula akusomee. Ningepiga simu, lakini simu yako siku hizi hupokelewa na yeye. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya kuzibia tairi. Ukiona imebanduka popote, hilo nalo ni jibu.

Haya, hujambo mke wangu? Goti la mama yangu limepungua kuuma? Paa la jikoni limehimili mvua? Mimi ni mzima, ila kifua kinakwaruza kwa vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na ukiniona utadhani nimemwagiwa unga wa muhogo. Dhahabu bado tunaisikia kwa majirani. Namshukuru Mungu kwamba tunaingia shimoni na tunatoka.

Sasa nikueleze huyo mtu, maana neno lako ndilo litakaloamua kama atarudi hapa au ajitafutie riziki kwingine. Anaitwa Masele, wa Bukombe, mvuta kamba kwenye duara letu, yaani hili shimo ninalolisimamia. Alikuja baada ya mavuno, peke yake, bila mtu wa kumdhamini. Hilo tu lilinitosha kumtazama mara mbili.

Tukishalipua mwamba hatushuki papo hapo. Tunangoja moshi utoke, na katika kungoja huko watu hubishana habari za ngumi. Wala si mapambano yaliyofanyika, ni yale yasiyoweza kufanyika. Wanamchukua bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa enzi za redio ya marehemu baba, tunayemwita Kisiki kwa sababu hakujua kurudi nyuma, wanampandisha ulingoni na bingwa wa siku hizi, jitu refu tunaloliita Mnara. Nani anaanguka? Kambi imegawanyika kama Wagika na Wagalu siku ya kushindana ngoma. Mimi ni mtu wa Kisiki, unanijua. Msemaji wa Mnara ni huyo Masele na, nakubali kwa shingo upande, mdomo anao.

"Kisiki wenu kazoea watu wa kimo chake," huwaambia wenzake. "Kwa Mnara ngumi zote zingeishia kwenye mkanda wa bukta, refa anamnyang'anya pointi."

Kilichonitia shaka ni hiki: anabishana na kila mtu isipokuwa mimi. Nikifungua mdomo tu, yeye anafunga wake. Nikikaa kwenye gogo, anainuka. Chakula kikija, anabeba sahani yake anakwenda kulia nyuma ya rundo la magogo ya kuzuia kuta. Nikasema moyoni, huyu katumwa. Watu wa duara la jirani wamekuwa wakitafuta kujua mwamba wetu unaelekea upande gani ili watuwahi chini kwa chini. Mpelelezi hawezi kukaa karibu na msimamizi, anaogopa kusomwa macho. Kikulacho ki nguoni mwako.

Juzi nikamtega. Nikasema mbele ya wote kwamba Mnara ni goigoi, hata Mama Shija anayetupikia angemlaza kwa mwiko. Ulikuwa uongo wa mchana, hata watu wa upande wangu waliona haya. Wote wakamgeukia Masele. Akatazama chini, akasema, "Sawa, mzee," akaondoka na sahani yake.

Nikawaambia wenzangu huyu Jumamosi asionekane hapa. Mtu anayemtetea Mnara kwa kambi nzima halafu anamwacha atukanwe na mmoja, ana lake jambo. Wakakubali. Ila Mama Shija aliweka sufuria chini, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Baba Kabula, wewe Msukuma gani?" akasema. "Mtu habishani na wewe, hali mbele yako, hakutazami usoni. Kwenu anayefanya hivyo ni nani?"

Anayefanya hivyo kwetu ni mkwe. Mimi mwenyewe baba yako hakuwahi kuniona nikitafuna hata punje ya hindi. Binti ninaye mmoja tu.

Nikamfuata, nikamuuliza kama anamjua Kabula wa Nyahanga, yule fundi cherehani. Akarudi nyuma kidogo.

"Baba, sijatuma washenga," akasema, "kwa hiyo sina la kusema."

Jibu zuri. Majibu mazuri siyaamini. Nikaitazama suruali yake ya kazi, nikaona goti lina kiraka kilichoshonwa mistari miwili iliyobanana, kwa uzi mwekundu. Fundi gani anahangaika hivyo na suruali ya shimoni? Na uzi mwekundu ule nilimnunulia Kabula mimi mwenyewe.

"Basi niambie," nikasema. "Kisiki na Mnara, nani anashinda?"

Akajibu: "Kisiki, baba."

Hapo ndipo nilipomshuku kuliko siku zote. Mpelelezi ningemfukuza yakaisha. Lakini mtu anayemuuza bingwa wake ili ampendeze baba wa msichana, kesho atamuuza nani? Au ndiyo adabu yenyewe, na mimi vumbi limenipanda kichwani? Naogopa, mke wangu. Nikimfukuza mtu mwema nimemkosea Kabula, na nikimpokea mnafiki nimemkosea zaidi.

Kwa hiyo nimemtuma kwako. Mkaribishe ndani. Akiingia akala mbele yako, Mama Shija alikosea, na asirudi huku. Akibaki nje, mwite jirani yetu fundi baiskeli amwambie, "Nasikia umehamia kwa Kisiki." Wewe sikiliza dirishani. Akikubali, ni kigeugeu. Akikana, akamtetea Mnara wake, basi kwangu ilikuwa heshima, na washenga waje.

Msalimie mama yangu, mwambie dawa ya goti nitaituma. Dada yangu mkubwa, shangazi wa Kabula, mpe salamu, lakini habari hii usimpe, mdomo wake tunaujua.

Kabula usimpe salamu zangu kwanza. Mwangalie tu. Akimpelekea mgeni maji bila kumuuliza jina, nimeshajibiwa. Na wewe, kama umesoma hadi hapa bila kushtuka, basi mlijua wote nyumbani, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Kabula