Wimbo Tuliokuja Nao

Mjukuu wangu Zanele,

Marahaba. Babu yako bado anakohoa. Baridi ya Johannesburg haimhurumii. Unauliza kama watu wa New York watacheka pale walipocheka wa London, maana mchezo wenu wa nyimbo unahamia Broadway.

Sijui. Nilipoolewa Morogoro, wakimbizi waliotoka huku Afrika Kusini, babu yako akiwa mmoja wao, walikuwa na wimbo wa kurudi kwao. Kila harusi tuliuimba kwa vigelegele. Tulipofika hapa mtaani Bertrams nikauimba mlangoni kwa mama mkwe, kwa furaha ileile. Hakupiga makofi. Alitazama nyuma yetu, akimtafuta mdogo wa babu yako, tuliyemzika Morogoro. Habari za msiba alikuwa nazo, lakini alitazama.

Nenda, mama, ukaimbe. Wakinyamaza, usidhani hawakusikia.

Bibi yako