Baba, Yule Maria Mweusi wa Kigangoni

Mpendwa baba,

Shikamoo. Ni mwaka wa sita tangu tukuzike Sepuka, na katika miaka hii nimekutaja mbele za watu kuliko nilivyokutaja ukiwa hai. Nakutaja Ulaya, kwenye kumbi za maonyesho, mbele ya wazungu walioshika glasi za mvinyo, nao wanatikisa vichwa kwa huzuni. Nimechoka, baba. Wiki nzima nina hasira na sijui niimwagie wapi.

Unakumbuka ulivyochanganya rangi ya ngozi? Wachora mabango wenzako wa Singida mjini walifungua kopo la kahawia, wakapaka, wakaenda zao. Wewe ulichukua nyekundu ya kupakia mageti, ukatia nyeusi kidogo na njano, kisha ukajichora mstari mkononi. Mstari ukionekana, unarudi kuchanganya. Ukipotea kabisa juu ya ngozi, ndipo unasema, "Imeiva." Mtu uliyemchora kwenye ukuta wa kinyozi alikuwa mtu kweli, unaweza kumsalimia.

Ndiyo maana kigango kilipotaka Mama Maria nyuma ya altare, hukuwaza Maria mweupe wa kwenye kalenda. Ulimketisha mama uani alasiri tatu, kanga kichwani, huku akichambua vitunguu vyake vya mnadani. Mstari uliuchora mkononi mwake. Mama alikuwa akicheka: "Nichore basi na meno yangu yote."

Jumapili waliyoondoa pazia, watu walinyoosha shingo kutazama. Halafu mwanamke mmoja akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Baada ya ibada katekista alikuita pembeni, nami nikiwa nimekushika mkono.

"Fundi, ufundi wako hatuukatai," alisema. "Lakini huyu ni mkeo, Mama Anjela. Nimpigieje magoti mtu ambaye jana tumegombania naye foleni ya maji?"

"Hata Maria alichota maji, mwalimu."

"Alichota, ila si hapa Sepuka."

Ulicheka, baba. Ulimwambia watazoea, na ukagoma kuigusa picha. Wiki mbili walikusema, wakatuma wazee nyumbani, na wewe uliwakaribisha uji ukawajibu vilevile.

Shuleni nami nilikuwa na yangu. Kila nikiingia darasani wanaimba, "Yesu amefika!" Wananiomba niwageuzie maji ya mtungi yawe soda. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilimchukia mama kwa kuwa na uso ule. Siku moja nikarudi nalia, nikakukuta unaosha brashi. Nikakwambia, "Baba, mbadilishe. Mpake mweupe kama wa watu wengine. Huyu ni mbaya."

Mama alikuwa jikoni, alisikia. Wewe hukusema neno. Asubuhi ulikwenda kigangoni na kopo la nyeupe, na hadi jioni alikuwepo Maria mwingine, mwenye mashavu ya waridi na macho ya bluu. Yule hukuwa na mkono wa kumjaribia. Watu walifurahi, wakakuletea kuku. Tangu siku hiyo hukuchora tena sura ya mtu. Uliandika herufi tu: Hapa Tunasaga, Usikojoe Hapa, Duka Linauzwa.

Sasa mimi ndiye nachora sura. Nachora wanawake weusi wakubwa kama mlango, na Ulaya wananialika. Kwenye ukumbi wa mwisho nilioalikwa, weusi wa kwenye picha zao za zamani walikuwa wameshika sinia na miavuli, bila majina, na weusi walio hai walikuwa wanalinda milango. Picha zetu sisi wasanii weusi tulioalikwa walizitundika mwezi mmoja tu, kwenye ujia wa kwenda chooni. Tulisimama nje na mabango, wasanii tisa, tukidai kuta zilezile wanazopewa wengine. Walitukaribisha chai. Walitupiga picha na mabango yetu, na picha hizo wakazitundika palepale kwenye ujia.

Usiku ule sikulala, lakini si kwa ajili yao. Mchana, humo ukumbini, nilikuwa nimehutubia kama kawaida yangu: baba yangu alichora Maria mweusi, kanisa likamkataa, akavunjika moyo. Binti mmoja mweusi, mwanafunzi, akanyoosha mkono. "Na wewe dada, ulikuwa upande wa nani?"

Nikasema, "Upande wa baba."

Ukumbi mzima ulisimama kunipigia makofi. Binti yule alikuwa analia.

Baba, katekista hakukushinda. Wazee hawakukushinda. Wote uliwajibu. Mimi tu ndiye hukunijibu, na juu ya kunyamaza kwako nimejenga jina langu, nimepanda ndege, nimewafundisha watu ujasiri. Mama bado yuko hai na hajawahi kunikumbusha. Nikimwomba nimchore, anasema mgongo unamuuma, hawezi kukaa.

Pumzika, baba. Msamaha sikuombi humu, kwenye barua ambayo nayo itasomwa hadharani. Watu hawa nimeshawazoea: watanipigia makofi.

Ni mimi binti yako,
yule uliyemsikiliza.