Diski Tatu za Gazeti Letu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshinda! Saa nzima nimebishana na mkurugenzi mbele ya chumba chote cha habari. Miaka kumi na tisa ya gazeti letu imo ndani ya seva moja, chini ya kiyoyozi kinachovuja. Yeye anasema seva ni mpya. Nikamwuliza: jeneza likiwa jipya, maiti anafufuka? Wakacheka. Amenunua diski tatu za nje na kunipa wiki mbili. Nikithibitisha kwamba kila kitu kinarudi, mpango wangu unabaki. Nikishindwa, nirudi kwenye safu yangu ninyamaze.

Fundi wa kompyuta — tunamwita Bwana Haiwezekani — kanung'unika kwamba waandishi waandike, nyaya wamwachie yeye. Nikamjibu siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndimi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango, ukurasa mmoja. Diski ya kwanza hunakiliwa kila jioni. Ya pili kila Ijumaa, kisha inachomolewa na kufungiwa kabatini. Ya tatu inalala kwangu — moto ukila jengo, haimo. Nimebandika amri mlangoni: kila kazi ihifadhiwe kwenye seva, si kwenye mashine ya mtu. Mpigapicha nimemkuta na picha za mwezi mzima kwenye mashine yake. Nilimkaripia mpaka akaomba radhi mara mbili.

Mke wangu kaiona diski juu ya mashuka. Anauliza huyu mke mwenziwe atapikiwa nini.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeizima seva. Saa nne asubuhi, kwa ruhusa ya mkurugenzi peke yake — nakala isiyojaribiwa ni uvumi tu. Chumba kizima kelele. Nikachomeka diski ya tatu, ile inayolala kwangu, kwenye kompyuta kuukuu ya mapokezi. Saa sita na robo toleo letu la kwanza likafunguka, picha zote zimo. Fundi akanipa mkono. Kaka, nimekuvulia kofia, alisema. Nilitaka kulia, nikakohoa.

Wenzangu walipokwenda kula, nikafungua folda yenye jina langu. Tupu. Rasimu zangu zote, barua za wasomaji, kitabu ninachokiandika — miaka yote nimeviweka kwenye mashine yangu mwenyewe.

Hakuna aliyeiona ila mimi. Mkurugenzi anataka ripoti saa tisa: kila kitu kimerudi, ndiyo au hapana. Saa nane na nusu sasa. Nimeandika sentensi ya kwanza: Kimerudi cha kila aliyetii amri.

Ya pili inanishinda.